V8 za Kimarekani kule Essen, sheria ndo inazichonga

Ukiingia kwenye kumbi za Messe Essen, mji wa Essen kule Ujerumani, kipindi cha Essen Motor Show, mwishoni mwa Novemba kuelekea Desemba, utapishana na Golf, BMW, Audi na Porsche zilizoshushwa mpaka bodi inagusa kapeti, halafu katikati ya hizo unakuta Dodge Charger ya 1968 imejilaza pale, ndefu mita 5 na zaidi ya robo, boneti liko wazi na watu wamejazana kuliko kwenye gari lolote la jirani. Maelezo ambayo wengi wanayatoa ni mepesi tu, kwamba gari la Kimarekani ni kubwa, linaunguruma, na watu wa Ulaya wanapenda kitu ambacho hawakukizoea. Mi naona hilo jibu halitoshi kabisa. Ukitulia na hizi gari, ukachungulia chini, ukasoma kile kikaratasi mwenye gari anachobandika kwenye kioo, unaona wazi kwamba V8 ya Kimarekani, yaani gari lenye injini ya silinda nane, ikituniwa (ikibadilishwa na kuboreshwa) Ulaya haifanani na zile zinazopangwa Las Vegas kwenye maonyesho ya SEMA, na tofauti hiyo haikuletwa na ladha ya fundi peke yake. Imeletwa na kodi, forodha na mkaguzi wa gari. Sheria ndo imeshika spana.

Na nasema kabisa kwamba kwa sehemu kubwa sheria imefanya kazi nzuri.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Haya magari ya misuli, muscle cars kama wenyewe wanavyoyaita, wengi wanayaanzia 1964, Pontiac walipochukua bodi ya ukubwa wa kati wakaibebesha injini ya lita 6.4 na kuiita GTO, mwaka huohuo mwezi wa nne Ford wakatoa Mustang ambayo ilikuwa ndogo na ya bei nafuu, na baada ya hapo ikawa ni mashindano matupu, Camaro ikaja, Charger ikabadilishwa bodi, Chrysler wenye Dodge wakaweka barabarani ile injini ya Hemi ya lita 7 yenye nguvu za farasi 425 kwa maandishi ya kiwandani, mpaka 1970 Chevelle SS ikatoka na injini ya lita 7.4 na farasi 450. Kuanzia 1971 wakaanza kupunguza mgandamizo kwenye silinda kwasababu ya sheria za moshi, 1973 mafuta yakapanda, hadithi ikaisha. Yaani kitu kizima kilidumu kama miaka kumi hivi, na ndani ya hiyo miaka karibu hela yote ilienda kwenye injini. Breki nyingi za kawaida zilikuwa za dramu, magurudumu yote manne, kwenye gari la tani moja na zaidi ya nusu. Nyuma ekseli nzima imekalia springi za vyuma vilivyopangana kama za Fuso. Kwa barabara iliyonyooka na mashindano ya robo maili hiyo haikuwa shida, unakanyaga, unafika, unaacha lijiishie lenyewe.

Sasa lete gari hilo Ujerumani. Huku watu wamejifunza kutuni kwenye Golf GTI, iliyoingia sokoni 1976 ikiwa na farasi 110 tu na uzito usiofika kilo 900, na kwenye gari la hivo huwezi kumshinda mtu kwa lita, unamshinda kwenye kona na kwenye breki. Kizazi kizima cha mafundi kimekua kinawaza shokapu, upana wa tairi, urefu wa gari kutoka chini, uzito. Ndo maana fundi wa Ulaya akipewa Mustang Fastback ya 1967 hafungui boneti kwanza, analala chini ya gari.

Nenda ukaangalie zile ambazo mwenyewe kaweka vioo sakafuni ili watu waone chini. Kwenye kazi nzuri utakuta zile springi za zamani zimetolewa zote, ekseli ya nyuma imeshikwa na mikono minne ya chuma na shokapu mbili zinazorekebishika urefu, mbele crossmember (chuma kinachokatiza chini ya injini) imebadilishwa na stelingi imekuwa ya raki, diski za breki kubwa zimejaa ndani ya rimu ya inchi 18 na kaliper zina pistoni sita. Bomba za mafuta na za breki zimepita pembeni ya chesisi zikiwa zimekunjwa kwa mkono, nafasi kati ya klipu na klipu iko sawa toka mbele mpaka nyuma, hakuna bomba linalogusa ekzosi. Hii ya mabomba wengi wanaipita bila kuangalia na kwangu mi ndo kipimo. Rangi unaweza kununua kwa hela. Bomba lililokunjwa vizuri mahali ambapo hakuna mtu anategemewa kuangalia, hilo linakwambia fundi alikuwa na moyo gani usiku ule.

Kwanini wanajitesa hivo? Hapa ndo tunaingia kwenye karatasi.

Ujerumani kuna namba ya gari inaishia na herufi H, ilianza 1997, ni ya magari ya kihistoria. Ukiipata unalipa kodi moja tu kwa mwaka, karibu yuro 192, haijalishi injini ina lita ngapi. Ukiikosa, gari la petroli la zamani lisilo na kichujio cha moshi linatozwa yuro 25.36 kwa kila sentimita za ujazo 100. Piga hesabu na ile Hemi ya lita 7, ni mafungu 70, unafika kwenye yuro 1,775 kwa mwaka kabla hujaweka hata tone la mafuta. Na siyo hela tu, miji mingi ya Ujerumani ina kanda ambazo gari bila stika ya kijani, ya kuonyesha moshi wake siyo mchafu, haliruhusiwi kuingia, Essen yenyewe imo ndani ya kanda hiyo pamoja na miji mingine ya Ruhr, na gari lenye H linasamehewa. Kwahiyo H ndo inaamua kama hilo gari lako utaliendesha Jumapili na familia au litakaa gereji.

Na H haitolewi ovyo. Gari liwe na miaka 30 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, liwe limetunzwa, na liwe kwenye hali yake ya asili kwa sehemu kubwa. Mabadiliko yanakubalika kama ni ya zama zake, maana yake yalifanyika au yangeweza kufanyika ndani ya miaka kumi ya kwanza ya hilo gari. Sasa fikiria fundi mwenye Camaro ya 1969 mezani. Breki za diski mbele? Zilikuwepo kwenye orodha ya kiwanda, hamna neno. Kabureta kubwa na hedaz (mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye injini) za miaka hiyo? Sawa, kila mtu alikuwa anafunga. Rimu za Cragar au za American Racing? Karibu sana. Springi za upepo zinazoshusha gari kwa kubonyeza simu, injini ya LS3 ya kisasa na skrini kwenye dashibodi? Hapo mkaguzi anakurudishia karatasi zako na H unaisahau.

Kwahiyo kila sehemu anayoigusa ina bei yake, hata ile kazi ya chini niliyoisifia hapo juu, na hiyo inamlazimisha afikiri. Marekani kwenye majimbo mengi hakuna mtu wa kukuuliza ulibadilisha nini chini ya gari la 1969, unajenga unavyotaka, na matokeo yake yapo mawili, zinatoka kazi za ajabu kweli kama za Ringbrothers wa Wisconsin, na pia zinatoka gari ambazo mtu akizishika stelingi kwa kasi ya 120 anaanza kusali. Ujerumani ile ya pili haifiki barabarani kwasababu mabadiliko makubwa yanapita kwa mkaguzi wa TÜV au DEKRA, mashirika ya ukaguzi wa magari, anayelikagua hilo gari moja moja na kuandika kwenye karatasi zake kila kilichobadilishwa. Funga kitu bila kibali na ruhusa ya gari kutembea inaweza kufutika palepale, bima nayo inaanza kukuletea maneno. Ijumaa Kuu ndo msimu wa kutuni unafunguliwa na polisi wanajua, wanajipanga barabarani na kipimo cha kelele.

Forodha nayo ina mkono wake hapa na hii wengi hawaiongelei. Gari la Kimarekani lenye zaidi ya miaka 30, la asili, lisilobadilishwa kwa kiasi kikubwa, linaingia kama kitu cha mkusanyaji, ushuru wa forodha sifuri na VAT ya asilimia 7. Likiwa limeshafanyiwa kustomu linaweza kuhesabiwa gari la kawaida, ambalo kwa miaka mingi limetozwa ushuru wa asilimia 10 halafu VAT ya 19 juu yake. Chukua gari la yuro 50,000. La asili unalipa 3,500. Lililobadilishwa unalipa 5,000 ya ushuru, halafu asilimia 19 ya 55,000 ambayo ni 10,450, jumla 15,450. Tofauti ya karibu yuro 12,000! Kwahiyo mwenye akili ananunua gari lililotulia la mzee fulani Arizona au California, ambako kutu hakuna, analiingiza likiwa kama lilivyotoka kiwandani na kazi yote inafanyika Ulaya kwa mikono ya mafundi wa Ulaya. Ndo maana hata mtindo ukawa wa Ulaya. Sisi tuliozoea kuingiza gari kutoka Japani hii inatushangaza kwasababu kwetu hesabu inaenda kinyume, Tanzania gari likizeeka ushuru unaongezeka, Kenya likipita miaka minane halisajiliwi kabisa, tena stelingi ya kushoto ndo usiseme. Mtu wa Nairobi anayependa Charger kwa roho yake yote anaishia kwenye Subaru, siyo kwamba hana ladha, sheria ilishamchagulia.

Mfano mdogo ambao mi naupenda sana ni indiketa. Gari nyingi za Kimarekani za miaka hiyo indiketa ya nyuma ni nyekundu, taa ileile ya breki ndo inayowaka na kuzima. Ujerumani gari lililoingia barabarani kabla ya 1970 linaruhusiwa kubaki hivo, baada ya hapo indiketa ya nyuma inatakiwa iwe ya rangi ya chungwa. Kwahiyo Charger ya 1969 inabaki na sura yake na Challenger ya 1970, ambayo nyuma ina taa moja ndefu inayopita upande hadi upande, inaanza kumsumbua mwenyewe. Fundi mvivu anakufungia vitaa vya trela chini ya bampa na gari limeharibika sura palepale. Fundi anayelipenda gari anaficha LED za chungwa mahali zisipoonekana, likiwa limezimwa huoni kitu chochote, akikata kona ndo unaona. Siku ukikutana na Challenger ya 1970 Ulaya anzia nyuma, mwenye gari utamjua hapohapo.

Ukivuka ukaenda Sweden mambo yanabadilika tena, na hii inathibitisha ninachosema. Wasweden wana mapenzi na magari ya Kimarekani toka miaka ya 1950, vijana wa raggare, nywele za mafuta na gari ndefu ikizunguka mji mdogo usiku kucha, na Power Big Meet iliyoanza 1978 ikakulia Västerås ilikuwa inakusanya maelfu ya magari ya Kimarekani kila kiangazi. Kule wajenzi wana chama chao, SFRO, ambacho wakaguzi wake wanalipima gari lililobadilishwa kabla halijaenda kusajiliwa, yaani anayekukagua ni mtu anayejua maana ya kujenga gari. Matokeo yake ukienda kwenye maonyesho ya magari ya Elmia kule Jönköping kipindi cha Pasaka unakuta V8 zenye supachaja imetokeza juu ya boneti, bodi zimekatwa paa na kushushwa, na nyingi zimejengwa ili zitembee. Baridi ni ileile na Wazungu ni walewale, ila mfumo wa karatasi ni tofauti, na gari zinatoka tofauti.

Halafu Essen yenyewe ina historia na haya magari ambayo nashangaa hawaiweki kwenye bango kubwa getini. Ford walipotaka kuuza Mustang Ujerumani katikati ya miaka ya 1960 walikuta jina limeshachukuliwa na Krupp, ambao walikuwa na lori linaitwa Mustang, na Krupp ni kampuni ya hapohapo Essen. Inasimuliwa Krupp walitaka dola 10,000 kuachia jina na Ford wakakataa. Basi gari likauzwa Ujerumani kwa jina la T-5 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, farasi wa kwenye grili akabaki ila neno Mustang likatolewa kwenye bodi na pembeni ikawekwa beji ya T-5. Leo T-5 halisi inatafutwa sana. Zilipita kwa wauzaji wa Ujerumani na nyingi zilinunuliwa na wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa kambini kule, ambao ndo waliomwonyesha kijana wa Kijerumani V8 inavyosikika akiwa amesimama kando ya barabara. Nikiona mtu amechukua T-5 halisi akaikata fenda ili afunge bodi pana ya plastiki naumia, naongea ukweli kutoka moyoni, kuna Mustang nyingi za kawaida za kukata.

Na hapa ndo nina ugomvi na maonyesho yenyewe. Pale Essen kuna sehemu ya tuningXperience, watu binafsi wanaleta gari zao, ni wazo zuri sana na bila hiyo show ingekuwa ya makampuni ya rimu tu. Lakini macho ya watu na kamera zinakimbilia gari lililolala chini, tairi imevutwa mpaka imelala kwenye rimu, magurudumu yameinama ndani, na V8 za Kimarekani zimeanza kufuata huo mkumbo. Kwa Golf sawa, ule ni mtindo wake na umekua nao. Kwa Chevelle ni kuiua, kwasababu sura yake yote ilitoka kwenye kazi iliyokuwa inaifanya, nyuma imenyanyuka kidogo, tairi pana za kushika lami, mbele imeinama, ukiiangalia imesimama unaona inataka kuondoka. Ilaze chini na tairi iliyovutwa na umeinyima kitu kimoja ilichozaliwa nacho, kuondoka kwa nguvu toka imesimama, maana hiyo tairi haiwezi kubeba farasi 450 hata kidogo. Wengi wa hao wanafika kwenye trela na wanaondoka kwenye trela. Mi ningekuwa na sauti pale ningesema gari la Kimarekani lisipewe tuzo kama halina namba ya barabarani na karatasi za mkaguzi kwenye kioo. Kuna watu watasema show ni sanaa tuache wajieleze, na nawaelewa, ila sanaa ya hili gari ni mwendo.

Inawezekana kabisa, wenyewe Wajerumani wameshaonyesha. Ile kampeni ya Tune it! Safe! ambayo imekuwa inachukua gari lililotuniwa kihalali na kulivalisha rangi za polisi, 2016 walileta Mustang. Rimu, bodi, ekzosi, vyote vina kibali, na ilivutia watu kama gari lolote pale ndani. Hiyo ilikuwa ni Mustang ya kizazi cha sita, ile ambayo kuanzia 2015 Ford waliianza kuiuza rasmi Ulaya na kuitengeneza hata kwa stelingi ya kulia toka kiwandani, kitu ambacho hakijawahi kutokea kabla kwenye maisha yote ya Mustang.

Swala la injini nitalipita haraka maana linagombanisha watu. LS ya GM, wenye Chevrolet, ni nyepesi, rahisi na ina nguvu, naelewa kwanini kila mtu anaifunga kila mahali, lakini kuiweka ndani ya Mustang wakati Ford wana Coyote ya lita 5 ni uvivu. Nimemaliza.

Kinachonishughulisha zaidi ni gari za kesho. Dodge wamefunga uzalishaji wa Challenger na Charger za V8 Desemba 2023, Camaro nayo ikaisha kipindi hichohicho, kwahiyo zilizopo ndo hizohizo. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai bado wanaziona barabarani kila siku kwasababu kule ziliuzwa rasmi, Ulaya nyingi ziliingizwa na watu binafsi moja moja. Challenger mpya ilirudi 2008, maana yake za kwanza zitagonga miaka 30 mwaka 2038 na zitaweza kuomba H. Na ile kanuni ya mabadiliko ya zama zake kama haitabadilishwa itazikuta hizi bodi pana za kufunga na boliti, aina ya Liberty Walk wa Japani, ambazo leo wazee wa klasiki wanazikunjia uso. Zilifungwa ndani ya miaka kumi ya kwanza ya gari, ndo ulikuwa mtindo wa wakati wake, kwa kanuni ilivyo leo zina hoja nzito. Kwahiyo kijana wa Dortmund mwenye Challenger ya 2012 aliyoifungia bodi pana 2016, akatunza risiti ya duka, picha zenye tarehe na karatasi ya TÜV ya mwaka ule, 2042 anaweza kwenda kwa mkaguzi akaweka faili mezani na akadai H akiwa na bodi yake vilevile. Aliyefunga gizani bila karatasi atalazimika kuanza kutafuta fenda za kiwandani, na kufikia muda huo sijui atazipata kwa bei gani.